Shukrani kwa binti wa Klabu ya Fema

Mwanangu, jina lako sikulipata, wala mwalimu wa zamu hakulijua. Aliniambia tu kwamba ulikuja na wenzako wa Klabu ya Fema, ile klabu ya wanafunzi wa sekondari, kuzungumza na watoto wetu wa darasa la sita juu ya sigara, ugoro na pombe. Nakushukuru kwa dhati.

Mtoto wangu, mdogo wako kwa umri, alirudi akinieleza kwamba ubongo wa binadamu huendelea kukomaa hadi takriban miaka 25, ndiyo maana nikotini humnasa kijana upesi, na kwamba sheria ya tumbaku ya Tanzania ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia sigara aliye chini ya miaka 18. Kilichonigusa zaidi ni kwamba hukuwatisha: uliwafanyisha mazoezi, wawili wawili, ya kumkatalia rafiki bila kugombana naye, kisha ukabaki baada ya kengele kumsikiliza mtoto mwenye haya aliyeogopa kuuliza mbele ya wenzake. Mtoto huyo ni wangu. Watoto wa umri huo, naamini, humsikiliza dada wa sekondari kuliko wanavyotusikiliza sisi wazazi.

Mungu akujalie afya, na masomo yako yakunyookee. Mkirudi muhula ujao, tafadhali uwemo.