Chipukizi wapeni msomaji na tarehe

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala yenu ya Jumapili iliyosema vijana wetu hawaandiki riwaya kwa sababu wamekosa hamasa, na kwamba dawa yake ni semina za kuwatia moyo. Mimi naandika riwaya na sijachapisha kitabu hata kimoja, kwa hiyo jambo hili linanigusa mwenyewe. Naomba nafasi nitoe maoni tofauti. Semina huisha jioni, na kesho yake ukurasa bado uko wazi vilevile. Chipukizi anachokosa ni mtu anayeisubiri kazi yake, na siku ambayo lazima aipeleke.

Mimi ni karani wa mahakama ya mwanzo huku Muheza. Riwaya yangu inahusu familia ya manamba, wale vibarua waliokusanywa na SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya mkonge ya kutafuta wafanyakazi, kutoka mikoa ya mbali kuja kukata mkonge Tanga enzi za mkoloni. Naiandika kwenye kaunta buku, alfajiri, kabla ya kwenda kazini. Zipo alfajiri ambazo sina hamu hata ya kushika kalamu, lakini naandika, maana Ijumaa jioni shangazi yangu atataka kujua yaliyompata Mwanaidi, binti wa hadithi yangu.

Shangazi macho yamefifia, hawezi tena kusoma. Nakaa naye barazani nimsomee sura ya wiki. Hajawahi kuniambia nina kipaji. Yeye hunikatiza. Siku moja Mwanaidi alikuwa safarini kwa miguu kwenda kambini kumtafuta baba yake, na mimi nikasoma kwa sauti ya madaha, maana nilikuwa nimeipamba ile njia kwa umande na ndege. Shangazi akasema, "Ngoja, mwanangu. Huyo mtoto toka alfajiri yuko njiani. Kala nini?"

Nikarudi kwenye daftari. Mama yake akamfungia muhogo wa kuchemsha katika jani la mgomba. Kwa kuwa ana muhogo, njiani akatokea mwanamke mwenye njaa akamwomba kipande. Kwa kuwa alimpa, yule mwanamke akafuatana naye. Leo mwanamke huyo ndiye anayeibeba nusu ya riwaya, na kabla ya swali lile hakuwapo kabisa. Umande nimeufuta.

Mara nyingine niliandika kwamba baba yake Mwanaidi "alifanya kazi ngumu korona". Shangazi akaguna. Aliolewa kambini, anaijua korona, ule mtambo wa kukamua majani ya mkonge yatoke nyuzi. Akanieleza kelele za ile mashine zinavyomfanya mtu aendelee kupiga makelele hata akifika nyumbani, maji ya mkonge yanavyowasha mikono hadi usiku, majani yanavyofungwa 30 kwa mzigo na nyapara anavyohesabu, na mwiba wa ncha ya jani unavyoyaandama macho ya mkataji. Sasa katika riwaya yangu baba hasemi amechoka. Anajikuna gizani, watoto wanasikia. Hakuna semina ambayo ingenipa kurasa zile.

Kazi yangu nayo imenifunza jinsi watu wanavyosema. Katika jalada la kesi maneno yananyooshwa: mdai alieleza kwamba alitukanwa. Nje, kwenye benchi chini ya mwembe, mambo hayaendi hivyo. Mzee akiulizwa kama aliuza shamba, hasemi ndiyo wala hapana. Anaanza na mwaka wa njaa, anapita kwenye mazishi ya kaka yake, na shamba linakuja mwishoni kabisa, kwa sauti ndogo. Kesi za watu siziingizi kwenye riwaya, hao ni majirani zangu na wamekuja na shida zao. Nachukua mwendo wa maneno tu. Riwaya nyingi za wenzangu ninazopewa nizisome zina wahusika wanaojibu kila swali kikamilifu, kama wako kwenye mtihani wa mdomo, na hakuna aliyewaambia waandishi hao.

Kuandika huku una kazi nyingine si jambo geni kwetu, wala hili la msomaji na tarehe. Shaaban Robert alikuwa karani kama mimi, alianza kazi idara ya forodha mwaka 1926, na alizaliwa karibu tu na hapa, Vibambani. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alikuwa mkaguzi wa afya, kisha akaingia kwenye magazeti, akawa mhariri. Hadithi yake iliyomleta mpelelezi Bwana Msa kwa wasomaji ilishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la mwaka 1957/58, ikatoka kitabu mwaka 1960. Palikuwa na siku ya mwisho ya kupokea miswada, palikuwa na watu wa kuisoma, na mpelelezi wetu mashuhuri akapatikana.

Leo tunayo Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa mwaka 2023. Naifurahia kwa moyo wote. Lakini tuzo humwinua mshindi. Wale wengine waliotuma wanabaki hawajui kama walianguka kwa lugha, kwa msuko au kwa wahusika, na mwaka unaofuata wanatuma kosa lilelile limechapwa upya.

Hapo ndipo gazeti lenu linaweza kusaidia. Tengeni nafasi moja kwa wiki kwa hadithi ya kuendelea ya mtu ambaye hajachapisha kitabu. Siku iwe moja isiyobadilika, na maneno yasizidi 1,000. Mhariri akikata aya, amwambie mwandishi kwa nini ameikata. Wasomaji watume maoni yao, na makali mchape pia. Waliokosa nafasi waandikiwe hata mistari miwili ya kweli, maana "hongera, endelea hivyo hivyo" tunaandikiana wenyewe kila siku kwenye makundi ya WhatsApp na haijamnyoosha mtu sentensi. Na maktaba za mikoa zinaweza kutoa chumba siku za Jumamosi, mtu asome sura yake kwa sauti mbele ya watu wasio ndugu zake.

Wenzangu ambao hawana shangazi kama wangu, tafuteni mtu mmoja asiyewaogopa, mpangiane siku.

Mkikubali, Mhariri, sura yangu ya kwanza iko tayari. Ina maneno kama 2,000, na najua pa kukata ili ibaki nusu.

Karani wa mahakama,
Muheza, Tanga