Maonyesho yamefutwa: tuwakumbuke wauzaji wadogo

Habari zenu wanakikundi. Kama mlivyosikia, maonyesho ya michezo ya mezani hayapo mwaka huu. Najua wengi mmeudhika, ila anayeumia zaidi ni mtengenezaji mdogo: keshachapisha, keshalipia usafirishaji, na alitegemea siku hizo chache kurudisha pesa. Mwaka 2020 tuliyaona haya. Gen Con, maonyesho makubwa ya michezo hii kule Indianapolis, Marekani, ilifutwa, na SPIEL, maonyesho mengine ya Essen, Ujerumani, iliyopata wageni zaidi ya 200,000 mwaka uliotangulia, ikahamia mtandaoni. Mtandaoni vitu vinauzika, sikatai, lakini mchezo usiojulikana hununuliwa na mtu aliyekaa akaucheza. Picha haifanyi kazi hiyo. (Nasi wanunuzi tunabaki kubahatisha, kisha boksi linalala kabatini.)

Kwa hiyo, aliyelipia mapema ili achukue mzigo bandani, amwandikie muuzaji kwanza kabla ya kudai pesa. Huenda akakubali kuutuma, ingawa gharama ya kutuma mtaelewana. Tiketi ni jambo jingine: pesa yake udai kwa waandaaji, na risiti usitupe.

Mwenye mchezo wa mtengenezaji mdogo aulete kikao kijacho, tuujaribu.