Mafundi, msiifute patisheni ya kurejesha mfumo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na wenye laptopu, na zaidi na mafundi wenzangu. Laptopu ikianza kuwa nzito au ikigoma kuwaka, hupelekwa "kupigwa Windows", na mara nyingi kinachotangulia ni kufuta diski nzima, pamoja na patisheni ya kurejesha mfumo, yaani kipande cha diski kilichotengwa kwa kazi hiyo, iliyotoka nayo kiwandani. Dawa iliyokuwemo ndani inatupwa, kisha inawekwa nakala ya Windows ambayo hakuna ajuaye imetoka wapi wala imetiwa nini.

Bofya kulia kitufe cha Start, chagua Disk Management, uone diski ilivyogawanywa. Mwanzoni kuna kipande kidogo cha EFI, ambacho mashine hukihitaji ili iwake. Kinafuata kikubwa chenye herufi C. Mwishoni kuna kimoja au viwili visivyo na herufi, vimeandikwa Recovery. Kile kisichozidi GB 1 kwa kawaida kina zana za uokoaji za Windows. Kikiwepo cha GB 10 hadi 20, hicho ni cha mtengenezaji: ndani yake umo mfumo mzima pamoja na draiva (programu za kuendesha vifaa) za sauti, Wi-Fi na padi ya kugusa za modeli hiyohiyo. Hicho ndicho watu hukifuta wakidhani ni nafasi iliyokaa bure.

Kukifikia si kazi. Zima mashine, iwashe, na papo hapo gongagonga kitufe chake kabla nembo haijapotea: F11 kwa HP nyingi, F9 kwa Asus, Alt na F10 kwa Acer. Lenovo nyingi zina kitundu ubavuni kinachobonyezwa kwa ncha ya pini mashine ikiwa imezimwa. Windows ikiwa bado inafunguka, shikilia Shift ubofye Restart. Isipofunguka mara mbili tatu mfululizo, yenyewe hukupeleka kwenye skrini ya buluu ya uokoaji. Hapo ingia Troubleshoot, kisha zana ya mtengenezaji ikiwepo, la sivyo Reset this PC.

Lakini kabla ya kubofya hapo, okoa faili. Chaguo la kubakiza faili zako hufuta programu zote ulizoweka mwenyewe, na mchakato ukikatika katikati hakuna dhamana kwamba hata hizo faili zitabaki. Windows ikiwa haifunguki, iko njia ambayo wengi hawaijui: kwenye zana hizohizo fungua Command Prompt, dirisha la kuandikia amri, andika notepad, bonyeza Enter. Ndani ya Notepad nenda File, halafu Open, na pale chini badilisha aina ya faili iwe All Files. Dirisha hilo dogo linakuonyesha diski zote. Bofya kulia folda yako, chagua Copy, kisha uibandike kwenye flashi. Usishtuke ukikuta C yako inaitwa D. Katika mazingira ya uokoaji herufi huweza kubadilika.

Jingine ni BitLocker, kufuli la Windows la kulinda diski. Laptopu nyingi za sasa hufunga diski kwa siri zenyewe, mara mwenyewe anapoingia kwa akaunti ya Microsoft. Siku ya matengenezo inatokea skrini inayodai ufunguo wa tarakimu 48, na mwenye mashine anaapa hajawahi kuweka kitu kama hicho. Ni kweli hakuuweka, ila kwa kawaida umehifadhiwa kwenye akaunti yake, na anaweza kuusoma kwa simu. Autafute kabla kazi haijaanza. Bila ufunguo huo, faili zilizomo hazifunguki kwa fundi yeyote.

Ukiulizwa kama mfumo upakuliwe kutoka mtandaoni au utoke ndani ya mashine, jua kwamba katika Windows 10 na 11 njia ya ndani hujenga mfumo upya kwa faili za mfumo zilizomo kwenye C yenyewe. Zikiwa zimeharibika, itashindwa. Njia ya mtandao hula takriban GB 4 za bando, lakini huleta faili safi. Patisheni ya mtengenezaji nayo hurudisha toleo lilelile mashine ilitoka nalo. Iliyotoka na Windows 8 itarudi Windows 8, ambayo Microsoft imeshaacha kuitolea masasisho.

Muda wote chaja iwe imechomekwa. Asilimia zikisimama kwa nusu saa, ziache. Ila kazi ikikwama mara mbili mahali palepale, au diski ya kuzunguka ikianza kugonga tik tik, tatizo ni diski, na patisheni ya kurejesha itakufa nayo kwa kuwa inaishi humohumo. Ndiyo maana flashi ya uokoaji hutengenezwa mashine ikiwa nzima. Ya GB 32 inatosha, na chochote kilichomo kitafutwa.

Suala la leseni nalo halina sababu ya kutuletea nakala za wizi. Tangu Windows 8, iliyotoka mwaka 2012, ufunguo wa laptopu iliyouzwa na Windows huwa umeandikwa kwenye ubao mama. Ukiweka toleo lilelile, inajisajili yenyewe ikipata intaneti. Mashine iliyouzwa na Windows Home ikiwekewa Windows Pro, ufunguo haulingani, na hapo ndipo mtu anapokimbilia programu za kuvunja leseni.

Kwa wenzangu mnaohamisha wateja kwenda SSD, diski ya kasi isiyozunguka: nakilini diski nzima, si C peke yake. Mkimaliza, fungueni Command Prompt kwa mamlaka ya msimamizi, mwandike reagentc /info, amri inayoonyesha kama zana za uokoaji zimewashwa. Ikisema Disabled, andikeni reagentc /enable, mhakikishe imekubali kabla ya kumkabidhi mwenyewe mashine yake.

Wako,
Fundi wa kompyuta