Tusifute alama za bunduki za urithi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasihi wenzangu wa kandokando ya Ziwa Victoria ambao, wanapogawana mali za marehemu, hukuta bunduki kuukuu darini au ndani ya sanduku, wasiikwangue kutu kwa msasa wala kuipaka rangi kabla haijatambuliwa.

Sisi tulikaribia kufanya kosa hilo. Babu yetu, mkulima wa pamba wa Magu, aliacha bunduki ya mtutu mwembamba ambayo ukoo mzima uliiita ya Mjerumani, kwa maelezo kwamba ilitekwa wakati Waingereza walipoitwaa Mwanza mwaka 1916. Ushahidi uliotajwa siku zote ni taji dogo lililogongwa kwenye chuma, ambalo wazee walisema ni la Kaisari. Baba mdogo, kwa nia njema kabisa, alikwisha kuanza kuisugua ili ing'ae kabla ya kikao cha ukoo, na ni shangazi aliyemzuia akitaka polisi waarifiwe kwanza. Shangazi alikuwa sahihi, kwa kuwa leseni ya silaha hupewa mtu kwa jina lake na hairithiwi kama shamba au ng'ombe, na kukaa na silaha bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015.

Askari walikuja kuichukua, na mtunza silaha, baada ya kuhakikisha kwamba haina risasi, alituruhusu tuitazame pamoja naye. Jambo la kwanza alilotuonyesha ni tundu la mtutu. Bunduki za Mauser za mwaka 1871, ambazo askari wengi wa Mjerumani katika nchi hii walianza nazo Vita ya Kwanza ya Dunia, zilikuwa na tundu la milimita 11, ilhali ya babu haifiki milimita 6. Hiyo ni bunduki ya inchi 0.22, ambayo kipigo chake, yaani pini inayolipua risasi, hugonga ukingo wa kitako cha risasi, si katikati. Ni silaha ya kulengea shabaha na kuwindia wanyama wadogo, wala jeshi halikwenda nayo vitani. Herufi LR zilizo juu ya mtutu hutaja aina ya risasi iliyoanza kutengenezwa Marekani mwaka 1887.

Taji ndilo lililotupoteza, na nadhani limewapoteza wengi. Ni kweli kwamba Wajerumani waligonga taji kwenye mitutu iliyopimwa uimara wake, lakini Waingereza nao waligonga taji, hivyo lenyewe peke yake halithibitishi kitu. Kinachosema ni herufi zilizo chini yake. Chini ya taji letu, pale ambapo msasa ulikuwa umebakiza upana wa kidole kimoja tu kufika, zilisomeka herufi BNP, yaani alama ya nyumba ya upimaji ya Birmingham, Uingereza, iliyoletwa na kanuni za mwaka 1954. Bunduki ya zamani inaweza kurudishwa kupimwa upya, lakini hiyo kwa kawaida hubaki na alama zake za awali, na yetu haina nyingine yoyote. Babu, basi, hakuipata vitani. Shangazi alipoelezwa ndipo alipokumbuka kwamba babu aliinunua baada ya mavuno mazuri ya pamba, akafukuzia tumbili mahindini.

Nakiri kwamba baadhi yetu walisikitika kupoteza hadithi ya vita. Mimi naona tumepata kilicho bora zaidi, kwa sababu mkulima aliyenunua kitu chake kwa jasho lake amerudishiwa heshima yake.

Ombi langu kwa Jeshi la Polisi ni kwamba silaha kuukuu zinaposalimishwa, alama zake zote zipigwe picha, na maelezo ya familia yaandikwe kando yake kabla silaha hazijateketezwa. Zile chache zenye historia ya mkoa wetu zinaweza kuharibiwa mtutu na kipigo zisifyatue tena, kisha zikahifadhiwa mahali kama makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, ambako wajukuu wataziona bila hatari. Kwa familia, nasisitiza kwamba mtu asijaribu kuifyatua bunduki ya namna hiyo: mtutu unaweza kuwa umezibwa na kutu au kiota cha nyigu, na risasi inaweza kuwa imo ndani tangu mwenyewe alipoiweka.

Msomaji wako,
Kisesa, Mwanza