Msilaumu jam, klachi inauawa na mambo mengine

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwa ukurasa wa barua maana hii maneno nimeieleza mtu mmoja mmoja hapa kwa karakana mpaka nimeona heri niiandike mara moja isomwe na wengi. Mimi ni fundi wa pikipiki huku Kayole na karibu kila mtu wa boda anayeniletea klachi (ile inayounganisha injini na gia) imekwisha ananiambia sababu ni jam. Ati jam ya Jogoo Road ama ya Outering ndiyo imekula pleti, na ati aliyemfundisha alimwambia asiwahi kutumia hafu klachi, yaani kuuvuta mkono wa klachi nusu tu, ni ushike yote ama uachilie yote. Sasa kwa sababu anaiogopa klachi yake, akiingia katikati ya matatu mbili anaachilia ghafla pikipiki inaruka, anashika tena, anaachilia tena, mara anateremsha miguu yote miwili anaburuta viatu kwa lami na mama wa watu nyuma amemshika koti. Hapo ndipo watu wanaanguka mbele ya magari, na yote ni kuogopa kitu ambacho hakiko.

Wacha niseme vile mimi naona nikifungua kava ya upande wa kulia. Klachi ya hizi pikipiki zetu, iwe Boxer ama TVS, si kama ya gari. Gari nyingi za gia ya mkono zina pleti moja kavu, ukiisugua sana inanuka hapo hapo. Ya pikipiki ni pleti kadhaa zimepangwa, moja ina vipande vya kahawia vya kushikana, inayofuata ni chuma tupu, hivyo hivyo mpaka mwisho, na zote zinaogelea ndani ya oili ya injini. Ile oili ndiyo inabeba joto. Kwa hivyo ukiwa gia ya kwanza, injini iko chini, unaachilia kidogo unashika kidogo ndio usonge pole pole nyuma ya lori, pleti zinateleza ndio, lakini joto ni kidogo na oili inalimudu. Imetengenezwa ifanye kazi hiyo.

Kitu kinaua ni kuteleza huku injini inalia. Jamaa amebeba abiria watatu na gunia (na sheria inasema abiria mmoja, tusijifanye hatujui), anapanda kilima cha Kangemi, badala ya kushika breki ya nyuma akisubiri gari la mbele lisonge anashikilia pikipiki kwa klachi na mafuta, injini inapiga kelele na hajasonga hata futi moja. Ama anatoka na gia ya pili kwa uvivu wa kurudisha ya kwanza. Dakika chache za hivyo zinakula pleti kuliko jioni nzima ya jam. Nikifungua klachi ya mtu kama huyo zile pleti za chuma napata zimegeuka rangi ya buluu kwa moto, na zile za kahawia zimekuwa nyeusi zinang'aa kama sahani iliyooshwa.

Halafu kuna kebo, ule waya unaotoka mkono wa klachi kwenda kwa injini, na hapa mafundi wenzangu mnisamehe lakini lazima niseme. Mkono wa klachi ukiuvuta kwa ncha unafaa kucheza kidogo kabla haujaanza kufanya kazi, kwa pikipiki nyingi ndogo ni kama milimita 10 hadi 20. Wengi hawajui kwamba pleti zikiendelea kuisha ule mchezo unapungua wenyewe, kwa hivyo kebo uliyoifunga vizuri mwaka jana leo inaweza kuwa imekaza na hakuna mtu ameigusa. Ikikaza, hata ukiwa umeachilia mkono kabisa pleti hazijabanana zote, klachi inateleza siku nzima Thika Road kwenye spidi na mwenyewe hana habari. Na kuna wale wanaendesha vidole viwili vikiwa vimelala juu ya mkono wa klachi kila saa, wanauvuta kidogo bila kujua, matokeo ni yale yale. Ukiona injini inapanda kelele na spidi haipandi, hasa ukiwa gia ya juu na umebeba, simama uangalie kebo kwanza kabla hujakimbilia Kirinyaga Road kununua spea.

Oili ndiyo inaniuma zaidi. Oili ya pikipiki yenye klachi ya kulowa huwa imeandikwa JASO MA ama MA2 nyuma ya chupa, ni alama ya kiwango cha oili ya pikipiki. Oili nyingi za gari, hasa zile nyepesi za kuokoa mafuta, zimewekewa dawa ya kupunguza msuguano, sasa klachi ambayo kazi yake ni msuguano itashika na nini? Na bado kuna wauzaji wanakupimia oili kwa chupa ya maji haina jina haina maandishi, na jamaa anaichukua kwa sababu imepungua bei kidogo. Hizi injini ndogo zinabeba karibu lita moja tu, na hiyo moja inafanya kazi ya injini, ya gia na ya klachi. Ikipungua ama ikiwa mbaya vyote vitatu vinaumia.

Na ukibadilisha pleti, mwambie fundi apime springi zinazobana pleti pia na aangalie nyumba ya klachi kama imechimbwa mitaro na meno ya pleti. Pleti mpya na springi zilizochoka utarudi karakana mapema sana. Tena ziloweshwe oili kabla ya kufungwa, zisiingie kavu.

Sasa ombi langu ni kwa shule za udereva na kwa viongozi wa steji. Mtu anafunzwa kuzunguka drams na kukumbuka alama za barabara, lakini kutembeza pikipiki pole pole bila kuteremsha miguu hafunzwi. Japan kwa mtihani wa leseni ya pikipiki kuna kijiukuta chembamba, upana sentimita 30 na urefu mita 15, wa pikipiki kubwa lazima aendeshe juu yake pole pole, achukue sekunde 10 au zaidi kufika mwisho bila kushuka. Yaani wanapima vile unaweza kwenda pole! Na hilo haliwezekani bila hafu klachi, mafuta kidogo yasiyobadilika, breki ya nyuma umeikanyaga kidogo tu na macho mbele, si kwa tairi. Breki ya mbele usiiguse ukiwa umekata usukani kwa mwendo huo, itakulaza.

Najua pikipiki za stima zinaingia na hazina klachi kabisa, lakini kwa steji yetu nyingi bado ni za petroli na vijana wanazilipia kila siku. Kuchora laini mbili za chaki kwa uwanja Jumapili asubuhi kabla kazi ianze hakuna gharama. Steji yoyote ya huku Kayole ikipanga, mimi nitakuja na spana zangu niwaangalilie kebo bure.

Fundi wa pikipiki,
Kayole, Nairobi