Wazazi wa Ntinda: Jumatatu tupunguze magari

Habari za jioni, ndugu wazazi na majirani.

Kiangazi kimeingia na hewa yetu imechafuka. Asubuhi ndiyo mbaya zaidi: hewa ya baridi hutulia mabondeni, na moshi wa magari, vumbi na moshi wa mkaa hunaswa humo, saa ileile watoto wanapokwenda shule. Chembe ndogo kabisa, PM2.5, huzama hadi ndani ya mapafu. Tangu 2021 Shirika la Afya Duniani linashauri wastani wa mwaka usizidi mikrogramu 5 kwa mita ya ujazo. Kampala tunaupita mara nyingi. Programu ya simu ya AirQo ya Chuo Kikuu cha Makerere, inayoonyesha uchafu wa hewa, ni ya bure, itazameni kabla ya kutoka.

Kuanzia Jumatatu, mnaokaa jirani pandeni gari moja. Walio karibu, tutembee na watoto kwa kupitia njia za ndani, mbali na barabara kuu. Na jamani, langoni zimeni injini! Moshi wa bomba hutoka chini, karibu na uso wa mtoto wa chekechea kuliko wa mtu mzima.

Mwenye nafasi garini aandike hapa mtaa wake na saa ya kutoka.