Sikukuu ya Yule (sherehe ya siku fupi kuliko zote mwakani): Jumapili 21 Desemba

Hamjambo ndugu na watoto wote. Tunakutana ukumbi wetu wa kawaida, London mashariki, saa 8 mchana. Msichelewe: jua linatua saa 9:53, na taa tutazizima kabla ya hapo.

1. Gogo. Kila familia ilete moja la kusimamishia mishumaa, kavu, urefu wa sm 40 hivi. Bichi hupasuka likipata joto. Toboeni matundu matatu ya mm 22, kina mm 25; likizidi upana mshumaa unalala na nta inamwagika mezani. Zungushieni karatasi ya foili ndani ya tundu. Mkipamba kwa majani ya msonobari, yakae mbali na utambi, maana yakikauka hushika moto mara moja. Matunda mekundu ya holi (mti wa mapambo wenye majani ya miiba) yatoeni kabisa, watoto wakiyala wanatapika na kuharisha.

2. Chakula cha kugawa. Tunashukuru ardhi kwa kulisha jirani, kwa hiyo hili lina uzito sawa na mishumaa. Makopo ya kufungua kwa mkono tafadhali, kwani wapo wasio na kifungulio wala jiko. Angalieni tarehe ya mwisho. Mama Zawadi atayapeleka benki ya chakula Jumatatu.

3. Barua kwa mbunge kuhusu maji taka yanayoingia mto Lea, unaopita huku London mashariki. Watu wazima tutasaini kabla ya kula.

Mchango ni pauni 5 kwa familia, mwisho Jumatano tarehe 17.

Naomba kila mmoja ajibu hapa: mnakuja wangapi, watoto wangapi, na nani ana drili ya kuazima?